Umeletewa mkataba wa nyimbo zako? Soma hapa kabla hujasaini

Leo naongea na watunzi wa nyimbo. Sisemi waimbaji tu, nasema WATUNZI, yaani wewe unayekaa na kalamu ukaandika mashairi au unayebuni melodi, hata kama anayeimba ni mtu mwingine.

Nimeamua kuandika kwa sababu siku hizi mikataba inawafuata vijana huku huku mkoani. Zamani ulikuwa lazima upande basi uende Dar ukazungushwe kwenye maofisi. Sasa hivi wimbo ukishasikilizwa kidogo YouTube au Boomplay, mtu anakutumia faili kwa simu anakwambia saini, rudisha, hela inaingia. Mimi si wakili. Ila nimeshawasomea vijana kadhaa wa hapa mikataba yao, maana mingi inakuja kwa Kiingereza kigumu, na naona makosa ni yale yale. Kama uko kafe na dakika zako zinakatika, nakili hii kwenye flashi ukasome nyumbani taratibu.

WIMBO MMOJA, MALI MBILI

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake.

Ya kwanza ni UTUNZI: maneno na melodi. Hii ni ya aliyetunga. Ya pili ni REKODI, ile sauti iliyotoka studio ambayo watu wa muziki wanaiita masta. Hii mara nyingi inakuwa ya aliyelipia studio, au ya lebo, kutegemea mlivyokubaliana. Mtu mwingine akija kuurudia wimbo wako kwa sauti yake na biti yake, rekodi ni yake lakini utunzi bado ni wako, na anatakiwa akuombe ruhusa.

Mkataba wa lebo unahusu zaidi rekodi na kazi yako kama msanii. Mkataba ninaouzungumzia leo, wa uchapishaji wa muziki, unahusu utunzi. Jina hilo lisikuchanganye, hakuna kitabu kinachochapishwa. Limetoka enzi ambazo nyimbo Ulaya na Marekani ziliuzwa zikiwa nota zilizochapwa kwenye karatasi. Siku hizi kazi ya mchapishaji wa muziki ni kusajili nyimbo zako sehemu mbalimbali, kutafuta watu wa kuzitumia (filamu, matangazo, waimbaji wengine), kutoa leseni, kukusanya mirabaha na kukugawia. Kwa hiyo mchapishaji si mwizi kwa asili yake. Ukiwa Singida huwezi kufuatilia mwenyewe nani kapiga wimbo wako redioni Ujerumani. Tatizo ni bei ya huduma hiyo.

SHERIA INAKUPA NINI TAYARI

Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003. Yafuatayo ni ya kuyashika kichwani:

1. Haki yako inaanza pale unapotunga. Huhitaji cheti ndipo uwe mmiliki. Cheti cha usajili kinakusaidia kuthibitisha, lakini mtu asikudanganye kwamba wimbo ambao haujasajiliwa hauna mwenyewe.

2. Ulinzi unadumu maisha yako yote, na miaka 50 baada ya kufa. Watoto wako wanarithi.

3. Kuna haki za kiuchumi (kuzalisha nakala, kuuza, kupiga hadharani, kurusha hewani na kadhalika) ambazo unaweza kuziuza au kuzikodisha. Na kuna haki za kimaadili: kutajwa kuwa wewe ndiye mtunzi, na kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna ya kukuvunjia heshima. Hizi za pili zinabaki kwako. Ukiona kifungu kinachosema mtunzi hatatajwa popote, simama hapo hapo.

4. Kuhamisha haki kunatakiwa kuwe kwa maandishi. Ndiyo maana wanahangaika upate kusaini. Ile saini ndiyo mali wanayoitafuta.

5. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo utunzi wako unalindwa pia kwenye nchi nyingine zote wanachama. Kile kipengele cha "dunia nzima" unachokiona kwenye mkataba si pambo, kina thamani ya pesa.

SHAMBA NA GUNIA

Sisi watu wa alizeti tunalielewa hili vizuri kuliko mtu wa mjini. Mtu akija kwako anaweza kununua magunia yako. Anaweza kukodi shamba misimu mitatu halafu akurudishie. Anaweza pia kununua shamba lenyewe. Hakuna mzee wa Kinyaturu atakayeuza shamba kwa bei ya gunia. Lakini kwenye nyimbo vijana wanafanya hivyo kila siku, kwa sababu karatasi haikuambia wazi kama ni gunia au shamba.

Mikataba ya uchapishaji iko ya aina tatu kubwa:

USIMAMIZI. Hakimiliki inabaki kwako. Kampuni inasimamia na kukusanya kwa muda maalumu, inakata asilimia yake. Duniani kawaida ni kati ya 10 na 25. Huku ni kukodisha shamba.

UMILIKI WA PAMOJA. Unaipa kampuni sehemu ya umiliki. Kwa mtindo uliozoeleka mtunzi anaishia na asilimia 75 ya mapato, kampuni 25.

UHAMISHO KAMILI. Hakimiliki yote inakwenda kwa kampuni, wewe unabaki na mgao, kwa desturi nusu kwa nusu. Hapa umeuza shamba ila unapewa sehemu ya mavuno.

Halafu kuna ya nne ambayo haistahili hata kuitwa mkataba wa uchapishaji: KUUZA MOJA KWA MOJA. Unapewa hela mara moja, basi. Hakuna mgao wala taarifa.

Chukua mfano. Utunzi umeingiza shilingi 1,000,000. Kwenye usimamizi wa asilimia 15 unapata 850,000. Umiliki wa pamoja unapata 750,000. Uhamisho kamili unapata 500,000. Kuuza moja kwa moja unapata sifuri, maana chako ulishakula.

Angalia pia asilimia inakatwa kwenye JUMLA au kwenye BAKI. Ikiwa ni baki baada ya gharama, na gharama anaziandika yeye mwenyewe, milioni moja inaweza kuwa laki nne kabla hamjagawana. Nusu yako ni laki mbili. Karatasi bado inasema asilimia 50, na kweli hajasema uongo.

HELA YA AWALI SI ZAWADI

Hapa ndipo vijana wanapofungwa macho. Unawekewa milioni mbili mezani. Mkataba unasema ni malipo ya awali yatakayorudishwa kutoka kwenye mirabaha yako. Maana yake ni kwamba mgao wako wote utakatwa mpaka milioni mbili ziishe. Kama mgao wako ni nusu, nyimbo zinatakiwa ziingize milioni NNE kabla hujaona shilingi mpya. Kama mgao wako ni asilimia 85, zinatakiwa ziingize kama milioni 2.35 tu. Hela ya mezani ni ile ile, lakini njia ya kuilipa moja ni ndefu karibu mara mbili.

Uliza maswali mawili: Je, nyimbo zisipoingiza kitu nitadaiwa hela hiyo mfukoni? Na je, deni la wimbo mmoja litakatwa kwenye nyimbo nyingine? Jibu la yote mawili liandikwe ndani ya mkataba, lisiishie mdomoni.

MIAKA MITATU YA NANI?

Hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote nitakavyoandika leo, kwa hiyo hata ukisahau mengine shika hili.

Mkataba una MUDA WA AINA MBILI. Wa kwanza ni muda wa mkataba wenyewe, yaani kipindi ambacho nyimbo unazotunga zinaingia kwao. Wa pili ni muda ambao kampuni itashikilia haki za nyimbo hizo. Utaona imeandikwa kwa herufi kubwa: miaka 3. Unafurahi. Halafu kurasa za mbele, katikati ya maneno mengi, imeandikwa kwamba haki zinahamishwa "kwa muda wote wa hakimiliki".

Sasa piga hesabu. Una miaka 22. Mungu akakujalia ukafika 70. Hiyo ni miaka 48. Ongeza 50 baada ya kifo. Jumla miaka 98. Umesaini miaka mitatu, umeuza miaka tisini na nane. Wajukuu zako watakuwa wazee na wimbo uliotunga Singida bado uko kwa watu.

Mwaka huu kijana mmoja wa mkoa huu aliniletea mkataba wenye kitu hicho hicho. Sitamtaja, wala kampuni siitaji. Ana nyimbo mbili zinazosikika, akapewa laki tano na kuambiwa mwisho wa kusaini Ijumaa. Laki tano kwake si ndogo, mama yake alikuwa anaumwa. Ndani ya mkataba kulikuwa na nyimbo zake zote, za zamani na atakazotunga, dunia nzima, muda wote wa hakimiliki. Tulikaa tukaandika maombi matatu kwa Kiswahili cha kawaida: iwe nyimbo mbili tu zilizotajwa majina, haki zirudi baada ya miaka mitano, na aruhusiwe kukagua hesabu mara moja kwa mwaka. Ijumaa ikapita, hawakuondoka. Wakakubali mawili ya kwanza, la hesabu wakalikataa. Mpaka naandika hajasaini, na mimi sikumwambia asaini wala asisaini, maana anayejua shida za kwao ni yeye. Ila sasa anajua anachouza. Na ile Ijumaa iligeuka kuwa ya maneno tu.

WALIOTANGULIA

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kutisha watu. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo wake "Mbube" mwaka 1939. Mwaka 1952 akasaini kuhamisha hakimiliki kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukageuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", mwaka 1994 ukasikika kwenye filamu ya The Lion King. Linda alishakufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilikwenda mahakamani mwaka 2004, wakafikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Yaani miaka 54 baada ya saini ile. Na silaha yao kubwa ilikuwa sheria ya kale ya Waingereza ya mwaka 1911 iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Usitegemee kwamba na wewe utaokotewa sheria kama hiyo.

Huku kwetu kuna "Malaika". Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukajulikana, Adam Salim wa Tanzania akasema yeye ndiye aliyeutunga. Miriam Makeba kauimba, Boney M wameuimba, dunia nzima inaujua. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi haukufa naye. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Na hata ukiwa na jina kubwa, mahakama ni safari. AY na Mwana FA waliifungulia kesi kampuni ya simu ya Tigo mwaka 2012 kuhusu nyimbo zao kutumika kama miito ya simu. Hukumu ya kwanza, ya Mahakama ya Wilaya ya Ilala, ilitoka 2016, halafu zikafuata rufaa. Hao ni watu wenye uwezo wa kuweka mawakili. Harmonize naye alipoondoka WCB mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili atoke. Ule ulikuwa mkataba wa lebo, lakini somo ni moja: mlango wa kutokea unatafutwa siku ya kuingia.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KALAMU

1. Nyimbo zipi? Zitajwe kwa majina. "Kazi zote zilizopo na zijazo" ni hatari.

2. Ni usimamizi, umiliki wa pamoja au uhamisho? Waandike neno lenyewe.

3. Muda wa mkataba ni upi, na muda wa kushikilia haki ni upi? Tarehe ya haki kurudi iandikwe.

4. Nani ana hiari ya kuongeza muda? Kama ni kampuni peke yake, huo si mkataba wa miaka mitatu.

5. Asilimia ngapi, ya jumla au ya baki? Gharama zipi zinakatwa, na kuna kikomo?

6. Taarifa ya mapato inakuja lini? Kila miezi 3 au 6, kwa maandishi. Unaruhusiwa kukagua hesabu?

7. Kampuni ikikaa bila kufanya lolote na nyimbo zako, zinarudi lini?

8. Wanaweza kuuza mkataba wako kwa kampuni nyingine bila kukuuliza?

9. Wimbo kutumika kwenye tangazo la pombe, kamari au kampeni ya siasa: ruhusa yako inahitajika?

10. Mgogoro utaamuliwa wapi? Kama ni mahakama ya London na wewe uko Kiomboi, haki hiyo iko kwenye karatasi tu.

11. Akaunti ya YouTube imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Nenosiri analo nani?

12. Dhamana. Kuna kifungu ambacho wewe unaapa kwamba kazi yote ni yako. Hapa kuwa mkweli. Kama melodi umeichukua kwenye ngoma ya asili ya Kinyaturu au Kinyiramba, au biti umeipakua mtandaoni, sema mapema. Sheria ya 1999 ina sehemu yake kabisa kuhusu sanaa za asili, na ukiapa uongo deni litakuwa lako.

Kama wanakubali kukodi tu, mwombe wakili wako aweke kifungu kinachofanana na hiki: "Hakimiliki ya nyimbo zilizotajwa inabaki kuwa mali ya Mtunzi. Mchapishaji anapewa haki ya kusimamia tu, kwa miaka mitatu tangu tarehe ya saini. Baada ya hapo haki zote zinarudi kwa Mtunzi bila malipo wala masharti." Ukimwonyesha mtu kifungu hiki akakasirika, ujue alikuja kununua shamba.

DAFTARI LAKO KWANZA

Kabla ya mkataba wa mtu yeyote, fanya hivi. Mkimaliza kurekodi, hapo hapo studio, andikeni karatasi ya mgao: jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno, nani katunga melodi, biti ya nani, kila mmoja asilimia ngapi, jumla 100. Wote msaini, kila mtu abaki na nakala. Prodyuza naye aseme siku hiyo kama anataka hela ya biti tu au anataka sehemu ya utunzi. Ni dakika kumi, na zinaokoa urafiki. Tunza demo na mashairi yenye tarehe, jitumie na kwa barua pepe.

Halafu sajili kazi COSOTA. Msichanganye na BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ambalo linashughulika na usajili wa wasanii na vibali. Kibali cha BASATA si usajili wa hakimiliki. COSOTA zamani ilikuwa inakusanya na kugawa mirabaha yenyewe. Januari 2022 iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wenye nyimbo zilizopigwa kwenye vyombo vya habari. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa: COSOTA ikawa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na kazi ya kukusanya ikaachiwa makampuni yenye leseni. Kwa hiyo mtu akikwambia anakukusanyia mirabaha, uliza leseni yake, halafu thibitisha COSOTA.

PA KUKIMBILIA

Afisa utamaduni yupo kwenye halmashauri yako, anza naye. Kwa kusomewa mkataba, tafuta wakili. Kama huna hela, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mikataba ya muziki inaweza kuwa migeni kwao, wapelekee na orodha hii. Kama hujafika miaka 18 usisaini kabisa, sheria yetu ya mikataba haikuhesabu kuwa na uwezo huo. Nenda na mzazi, na wakili.

Omba mkataba kwa Kiswahili, au tafsiri iliyosainiwa na pande zote. Saini kila ukurasa. Ondoka na nakala yako siku hiyo hiyo, usikubali "tutakutumia". Na mtu anayekunyima siku saba za kusoma leo, kesho atakunyima hesabu.

Kwa leo naishia hapa. Mwenye swali aliweke hapo chini, na mwenye uzoefu atusaidie, ila tafadhali msitaje majina ya watu wala kubandika mikataba ya wenzenu. Dada zangu mnaotunga, na nyie semeni, maana nawaona nyimbo zenu zinaimbwa na wengine na majina yenu hayapo popote.